Tungamo la nyota pacha changa likikataa kulingana na modeli: dalili, chanzo na dawa

Umekokotoa tungamo la nyota pacha changa, ukaweka nukta yako kwenye chati, nayo imekaa mbali na mstari wa modeli, yaani hesabu za kifizikia zinazotabiri jinsi nyota inavyokua. Modeli inasema nyota yenye mng'ao na halijoto kama ile iwe na tungamo la 0.55 ya Jua. Obiti yako inasema 0.70. Nani amekosea?

Swali hili si dogo. Umri wa makundi ya nyota changa, na hata matungamo ya sayari zinazopigwa picha pembeni mwa nyota hizo, husomwa kutoka kwenye modeli hizohizo. Mwaka 2004 Hillenbrand na White walikusanya vipimo vilivyokuwapo na kuonyesha kuwa kwa nyota changa zilizo chini ya 1.2 ya Jua modeli nyingi hutoa tungamo pungufu, kwa asilimia 10 hadi 30 hivi. Sasa angalia hesabu hii: paralaksi (yumbo dogo la nyota angani kwa sababu ya Dunia kuzunguka Jua, ambalo hutupa umbali) ikikosewa kwa asilimia 7 tu, tungamo la obiti linakosewa kwa zaidi ya asilimia 20. Kosa la kipimo na kasoro ya modeli vina ukubwa mmoja, na ukiitazama nukta kwenye chati huwezi kujua ni kipi kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo utafutaji wa kosa uanzie mezani kwako, na modeli ishikwe mwishoni.

Maelezo haya yanamlenga mtu wa Tabora au Kigoma anayetumia data za wazi za TESS (setilaiti inayopima mng'ao wa nyota), Gaia (setilaiti iliyopima paralaksi) na hifadhi za darubini kubwa, na pengine ana darubini ya inchi 8 na kamera yake uani.

Kwanza, tungamo lako limetoka njia gani?

Jibu la hapa ndilo linaloamua uanzie wapi, kwa sababu kila njia hutegemea umbali kwa kiwango chake.

Obiti inayoonekana angani, yaani picha za nyota mbili zikizungukana, hutoa jumla ya matungamo kwa kanuni ya Kepler: chukua nusu ya mhimili mrefu wa obiti kwa sekunde za tao, gawanya kwa paralaksi, pandisha kipeo cha tatu, kisha gawanya kwa kipindi cha miaka kilichopandishwa kipeo cha pili. Umbali umeingia kwa kipeo cha tatu. Tungamo linalotoka kwenye mzunguko wa diski ya gesi, kama zinavyopimwa na darubini ya ALMA kule Chile, huongezeka sambamba na umbali, kipeo cha kwanza tu. Nyota zinazopatwa, yaani moja huiziba nyingine, zenye mistari ya zote mbili kwenye spektra (mwanga uliotawanywa kwa rangi zake), hazihitaji umbali kabisa kupata tungamo. Ukiunganisha picha za obiti na kasi za nyota zote mbili, umbali pia hauhitajiki. Badala yake obiti yenyewe inakupa umbali, nao unaweza kuulinganisha na wa Gaia. Hicho ndicho kipimo cha uaminifu kizuri kuliko vyote. Kama unacho, anza nacho.

Dalili: jumla ya tungamo ni kubwa au ndogo kupita kiasi, lakini obiti inapita vizuri kwenye nukta zote

Obiti nzuri na tungamo baya: mtuhumiwa ni paralaksi. Chukua mfumo wenye nusu mhimili wa sekunde 0.100 na kipindi cha miaka 30. Paralaksi ya milisekunde 10.0 inakupa vizio 10 vya umbali wa Dunia na Jua, na jumla ya 1.11 ya Jua. Weka 9.5 badala ya 10.0, utapata 1.30. Kosa la nusu milisekunde limeongeza asilimia 17.

Gaia ilipima kila nyota ikidhani inasafiri peke yake. Nyota pacha inayoyumba kwa sababu ya mwenzake huvuruga hesabu hiyo, na kipindi kikikaribia mwaka 1 hali huwa mbaya zaidi, maana yumbo la obiti hufanana na yumbo la paralaksi lenyewe. Fungua jedwali la DR3, toleo la tatu la data za Gaia, tazama safu ya RUWE, namba inayoonyesha jinsi dhana ya nyota moja inavyolingana na vipimo. Ikiwa karibu na 1.0, vema. Ikizidi 1.4, usiitumie paralaksi ile kwa kipeo cha tatu, hata kama kosa lililoandikwa pembeni ni dogo. Kosa lile limekokotolewa kwa dhana ambayo tayari imevunjika. Zingatia pia kuwa RUWE ndogo si cheti. Pacha wanaolingana mwanga na tungamo wana kitovu cha mwanga kisichosogea, kwa hiyo wanaweza kupita bila kushtukiwa.

Dawa ya kwanza ni kutafuta nyota ya tatu iliyo mbali katika mfumo huohuo, yenye RUWE safi, na kuazima paralaksi yake. Ya pili ni kuazima kwa majirani wa kundi. Hapa wengi huteleza: huchukua wastani wa kundi zima. Upper Scorpius, kundi la nyota changa, liko karibu parseki 145 (parseki moja ni miaka-nuru 3.26), na ukikosea kina kwa parseki 10 hiyo ni asilimia 7, nawe umerudi ulikotoka. Chukua majirani wa karibu angani wenye mwendo ule ule, na uandike mtawanyiko wao kama kosa lako.

Kwa nyota za Orion, parseki 400 hivi, ongeza masahihisho ya sifuri ya paralaksi za Gaia. Kwa wastani zimepungua milisekunde 0.017. Kwa parseki 100 hilo ni jambo dogo. Kwa Orion ni asilimia 0.7 ya umbali, yaani asilimia 2 ya tungamo.

Dalili: nukta moja au kundi la nukta limeruka nje ya obiti

Nukta ikiwa upande wa pili kabisa, nyuzi 180, basi nyota A na B zimebadilishana majina. Hutokea sana kwa pacha wanaolingana mwanga. Ongeza 180 kwenye pembe, rudia hesabu, na uandike kwamba umefanya hivyo. Usipoligundua hili mapema, programu inaweza kukupa kipindi kilichokosewa maradufu, na kwa kuwa kipindi kiko kwenye kipeo cha pili, tungamo litakosewa mara nne.

Zikiruka nukta zote za baada ya tarehe fulani, ni kipimo cha kamera. Mfano ulio wazi ni NIRC2 ya darubini ya Keck: kabla ya Aprili 2015 pikseli moja ilikuwa milisekunde 9.952, na baada ya mfumo wake wa vioo kupangwa upya ikawa 9.971. Masahihisho ya kaskazini nayo yalisogea, kutoka nyuzi 0.252 hadi 0.262. Ukisahau kabisa masahihisho ya kaskazini, kwa pacha walioachana kwa sekunde 0.3 umesogeza nukta kwa milisekunde 1.3, na hiyo ni zaidi ya kosa ambalo picha nzuri huwa nalo. Unapochanganya vipimo vya kamera tofauti, usichukue pembe na umbali kutoka kwenye majedwali bila kusoma kila jedwali limetumia kipimo gani.

Dalili: programu inatoa makosa makubwa mno ya kipindi na ya mhimili

Obiti bado ni kipande. Hapa kuna jambo linalosahaulika: kipindi na mhimili hupanda na kushuka pamoja, kwa hiyo tungamo laweza kuwa limepimwa vizuri kuliko kila kimoja peke yake. Usichukue kipindi cha kati na mhimili wa kati ukavitia kwenye kanuni. Kokotoa tungamo kwa kila hatua ya mnyororo wa MCMC (njia ya kujaribu obiti nyingi mno zinazoweza kulingana na nukta), kisha ndipo uchukue thamani ya kati ya matungamo hayo. Mnyororo nao uwe na urefu wa angalau mara 50 ya muda wake wa kusahau, yaani idadi ya hatua hadi hatua mpya isiitegemee tena ya zamani; chini ya hapo upana unaouona si wa kuaminika. Uhifadhi kwenye faili mara kwa mara, maana umeme ukikatika hatua ya laki moja bila faili, umeanza upya.

Kama nukta hazijapita sehemu ambapo nyota hukaribiana kabisa, uduaradufu wa obiti haujashikwa. Hakuna hesabu ya kuliponya hilo. Subiri, ama tafuta picha za zamani hifadhini.

Dalili: kupatwa hakutokei saa iliyotabiriwa, au nukta za kasi zimejipanga vibaya

Sehemu hii isomwe taratibu, kwa sababu saa za Kiswahili zina makosa yake ambayo vitabu vya nje havitakuonya.

Fikiria daftari la usiku lililoandikwa kwa mkono: "saa 2:15 usiku, picha 40". Anayeingiza kwenye kompyuta anaandika 02:15. Saa halisi ilikuwa 20:15 kwa saa za Afrika Mashariki, yaani 17:15 UTC. Nukta imesogea saa 6 mbele kama tarehe ilibadilishwa kwenda siku inayofuata, au saa 18 nyuma kama haikubadilishwa. Kwa nyota yenye kipindi cha siku 2.42, saa 6 ni 0.10 ya mzunguko. Kupatwa kote kumepotea.

Kosa la pili ni kuondoa saa 3 za Afrika Mashariki mara mbili, au kutoziondoa kabisa: kamera imeshaandika UTC ndani ya faili la picha la FITS, na mtu anaondoa tena. Saa 3 kwa kipindi hichohicho ni 0.05 ya mzunguko.

Kosa la tatu ni jina la usiku. "Usiku wa Ijumaa" kwa mmoja ni usiku wa kuamkia Ijumaa, kwa mwingine ni usiku wa kuamkia Jumamosi. Andika tarehe mbili: "usiku wa 14 kuamkia 15 Juni". Siku ya Juliani, hesabu ya siku mfululizo wanayoitumia wanaastronomia, inatusaidia sana hapa, maana hubadilika saa sita mchana ya UTC, ambayo kwetu ni saa tisa alasiri. Usiku mzima wa Tabora una namba moja tu. Tumia hiyo kwenye majina ya mafaili.

Ukishasafisha hayo, kosa likabaki dakika chache na likipanda na kushuka kwa mwaka, hujabadilisha saa kwenda kwenye kitovu cha mfumo wa Jua. Nuru huchukua dakika 8.3 kutoka kwenye Jua hadi kwetu, na nyota za Upper Scorpius ziko karibu sana na njia ya Jua angani, kwa hiyo zinapata kosa hilo kwa ukamilifu. Likibaki kosa la sekunde 69 lisilobadilika, umechanganya UTC na TDB (saa ya kitovu cha mfumo wa Jua): kuanzia Januari 2017 tofauti hiyo ni sekunde 69.184.

Kuna saa 6 nyingine inayofanana na ile ya kwanza, lakini chanzo chake ni tofauti kabisa. Siku ya Juliani ni namba ya milioni 2.46. Ukiihifadhi kwa desimali za biti 32, kompyuta haiwezi kutofautisha chini ya robo siku. Ukichora grafu, nukta hazipotei. Zinajipanga kama nguzo za uzio, kila baada ya saa 6. Ya daftari husogeza kundi zima la usiku mmoja, hii huvunja usiku wote kuwa ngazi. Tumia biti 64, au ondoa 2457000 kwanza kama TESS inavyofanya.

Dalili: matungamo ya kasi yametoka madogo

Kwa nyota pacha zenye mistari miwili, tungamo huenda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Kasi ikipungua asilimia 5, tungamo limepungua asilimia 14. Na karibu kila kosa la kawaida hupunguza kasi, haliiongezi.

Fungua grafu ya mlinganisho wa spektra na uitazame kwa macho kabla ya kuamini namba yoyote. Nyota zikiwa mbali kwa kasi, kwa mfano moja inatujia kwa kilomita 54 kwa sekunde na nyingine inatukimbia kwa 57, unaona vilima viwili vyenye bonde katikati. Usiku mwingine, karibu na kupitana, vilima vinasogeleana kama marundo mawili ya unga yaliyomwagwa karibu karibu: unga wa huku unajaza ubavu wa kule, na kilele cha kila rundo kinaonekana kimevutwa kumwelekea mwenzake. Programu inayotafuta kilele tu itasoma kasi ndogo kwa nyota zote mbili. Nyota changa huzunguka kwa kasi, mara nyingi kilomita 10 hadi 30 kwa sekunde, kwa hiyo vilima vyao ni vipana na tatizo hili ni la kila siku.

Dawa ni tatu, na zitumike zote. Tumia njia ya TODCOR ya Zucker na Mazeh ya mwaka 1994, inayolinganisha spektra mbili za mfano kwa wakati mmoja. Acha nje spektra zote ambazo tofauti ya kasi ni ndogo kuliko upana wa kilima kimoja. Panga vipimo vyako karibu na robo ya kwanza na robo ya tatu ya mzunguko, ambako vilima vimeachana zaidi. Spektra zilizopigwa wakati wa kupatwa zitolewe pia, kwa sababu nyota ya mbele huficha upande mmoja wa diski inayozunguka na kuipotosha kasi.

Kilima cha tatu kisichosogea, hata kiwe kifupi, ni nyota ya tatu kwenye ufa wa spektrografu au mwanga wa mbalamwezi. Usikiache, kinavuta vilima vyote viwili katikati.

Kisha madoa. Doa kubwa likipita usoni mwa nyota hubonyeza kilima upande mmoja, na kasi inaweza kuyumba kwa kilomita 1 kwa sekunde au zaidi. Ungedhani vipimo vingi vingefuta yumbo hilo. Havifuti. Pacha wa karibu wamefungwa na mvuto, nyota inajizungusha kwa kipindi kilekile cha obiti, kwa hiyo doa linarudi mahali palepale kwenye kila mzunguko. Matokeo yake ni kasi iliyokosewa na uduaradufu wa uongo wa 0.01 au 0.02 kwa obiti ambayo kwa kipindi chake kifupi ilipaswa kuwa duara. Ukiona uduaradufu mdogo kama huo, shuku madoa kwanza. Spektra za infraredi hupunguza yumbo hili sana, kwa kuwa tofauti ya mwanga kati ya doa na uso ni ndogo huko.

Dalili: kasi ni safi, tungamo bado halieleweki

Kama nyota hazipatwi, kasi hutoa tungamo lililozidishwa kwa sine ya mwinamo (pembe ya obiti, ambapo nyuzi 90 ni obiti inayotazamwa ubavuni) kwa kipeo cha tatu, wala si tungamo lenyewe. Kwa mfano wa hesabu, mfumo wa siku 2.42 wenye kasi za 54 na 57 hutoa jumla ya 0.343. Mwinamo ukiwa nyuzi 35, jumla halisi ni 1.82 ya Jua. Ukiwa 33.5, ni 2.04. Kila uzi mmoja ni karibu asilimia 8. Kwa mfumo unaopatwa wenye nyuzi 85, uzi mmoja ni nusu ya asilimia tu.

Mifumo kama V4046 Sagittarii, pacha wa karibu wenye diski ya gesi kuwazunguka wote wawili, huazima mwinamo kutoka kwenye diski. Ni njia nzuri, lakini imebeba dhana kwamba diski na obiti vimelala pamoja. Iandike dhana hiyo wazi.

Dalili: tungamo ni sawa, nusukipenyo na halijoto vinagongana na modeli

Pikseli ya TESS ina upana wa sekunde 21. Ndani yake wanaingia majirani. Nyota jirani ikitoa asilimia 20 ya mwanga wote, kupatwa kwa asilimia 30 kutaonekana ni asilimia 24, na programu itatafsiri hivyo kuwa nyota ndogo zaidi au mwinamo mdogo zaidi. Hesabu majirani wote wa Gaia ndani ya pikseli unazotumia, kisha uache mwanga wa tatu uwe huru kwenye programu ya JKTEBOP au PHOEBE ukiwa na mipaka hiyo. Usipakue picha nzima za TESS kwa bando la simu. Omba kipande cha pikseli 15 kwa 15 kuzunguka nyota yako, kinatosha.

Madoa yaliyo sehemu ambayo haifunikwi hufanya kupatwa kuonekane kwa kina zaidi. Pima kila sekta ya TESS, siku 27 hivi, peke yake. Uwiano wa nusukipenyo ukitofautiana kwa asilimia 3 kati ya sekta na sekta, hilo ndilo kosa lako la kweli, hata kama MCMC imeandika 0.2.

Hapa ndipo darubini ya inchi 8 ina kazi ya maana. Kupima mng'ao wa nyota kila usiku usio na mawingu, katika wiki zilezile ambazo spektra zinapigwa kwingineko, kunaonyesha madoa yako wapi. Ukame wa Tabora, Mei hadi Oktoba, unaangukia vizuri: Upper Scorpius hupita juu ya meridiani karibu usiku wa manane mwanzoni mwa Juni, kwenye kimo cha nyuzi 72, na V4046 Sagittarii hufuata kwenye nyuzi 62. Taurus, eneo jingine la nyota changa, kwa bahati mbaya huja Desemba na mvua zake. Unapopanga, kumbuka saa zetu zimewekwa kwa longitudo 45: Tabora nyota hupita dakika 49 baadaye kuliko hesabu ya longitudo hiyo, Kigoma dakika 61.

Moshi wa kuchoma mashamba kuelekea mwisho wa kiangazi hula mwanga wa bluu zaidi ya mwekundu. Chagua nyota za kulinganishia zenye wekundu unaokaribia wa nyota yako. Ukilinganisha nyota changa nyekundu na ya bluu, moshi utakuchorea madoa ambayo hayapo. Kigoma tatizo ni jingine. Usiku wa giza, ule unaoutaka, ndio usiku wa kazi kwa wavuvi wa dagaa, na taa zao hujipanga ziwani upande wa magharibi kama mtaa. Mwezi ukiwa mpevu wao hupumzika. Basi usiku wa giza fanya kazi mashariki na juu ya nyuzi 40, na funika lenzi mapema, umande wa ziwani huja kimya.

Dalili: nyota ni nzito mno kwa mwanga wake

AB Doradus C, mwenza hafifu wa nyota AB Doradus A, ilipigwa picha mwaka 2004, ikiwa sekunde 0.156 tu kutoka kwa nyota kuu, na tungamo lake lilikuwa 0.090 ya Jua. Kwa umri wa miaka milioni 50 uliokubalika na waliopima, ilikuwa hafifu mno, na waliandika kwamba modeli zimekosea tungamo karibu mara mbili. Wengine wakajibu kwamba kundi lile ni kongwe zaidi, zaidi ya miaka milioni 100, na kwa umri huo tofauti hupungua sana. Kisha mwaka 2019 vipimo vya intaferometa ya VLT vikadokeza kuwa C yenyewe huenda ni pacha, wa 0.072 na 0.013.

Nyota mbili zikidhaniwa ni moja, mwanga hupungua kwa tungamo lilelile, kwa sababu mwanga hushuka haraka kuliko tungamo. Kwa hiyo dalili ya nyota nzito na hafifu iulizwe maswali mawili kabla ya modeli: umri umetoka wapi, na je, imethibitishwa kuwa ni moja? Tafuta mwelekeo wa polepole kwenye kasi ya kitovu cha mfumo, na mabaki ya obiti yanayorudi kwa kipindi.

Vipimo vimesafishwa, nukta bado iko mbali

Sasa shika modeli, na uanze na jinsi unavyoilinganisha.

Usibadilishe mng'ao wako kuwa halijoto na nishati kamili kama huna lazima. Ichukue modeli, kwa mfano ile ya Baraffe na wenzake ya 2015 inayoanzia 0.01 hadi 1.4 ya Jua, uisome kwa mng'ao wa kichujio kilekile ulichotumia. Kichujio cha K cha 2MASS, upimaji wa anga kwa infraredi, na cha darubini za Mauna Kea kule Hawaii si kitu kimoja. Ukilazimika kutumia halijoto, tumia jedwali la nyota changa, mfano la Pecaut na Mamajek la 2013, na si la nyota zilizokomaa.

Usipime umri kwa modeli kisha ukaijaribu modeli hiyohiyo kwa umri huo. Upper Scorpius imefundisha hili: nyota zake ndogo, zikisomwa kwa modeli za kawaida, husema miaka milioni 5, nyota zake kubwa zaidi husema 10 au 11. Feiden alionyesha mwaka 2016 kuwa modeli yenye ugasumaku huzileta zote karibu na 10.

Sababu yake ni ya kifizikia. Nyota ndogo changa hupeleka joto nje kwa kutokota, kama chungu cha maharage. Ugasumaku hubana mtokoto huo, joto linatoka kwa shida, nyota inabaki pana zaidi na uso wake unapoa. Madoa hufanya kazi hiyohiyo. Msomaji wa modeli ya kawaida anaona uso uliopoa, anadhani ni nyota ndogo zaidi na changa zaidi. Tungamo pungufu kwa asilimia 10 hadi 30 linaelezeka kwa namna hiyo. Kama tofauti yako iko upande huo na kwa kiasi hicho, jaribu modeli yenye ugasumaku au madoa kabla ya kuandika lolote. Kama iko upande wa pili, rudi kwenye nyota ya tatu.

Linganisha pacha wote wawili kwa mstari mmoja wa umri, lakini usiwalazimishe. Par 1802 huko Orion ni pacha wenye matungamo karibu sawa kabisa, na bado halijoto zao zinatofautiana kwa kelvini mia kadhaa. Mfumo wa 2M0535-05, vibete kahawia viwili (vidogo mno kuweza kuwaka kama nyota) vinavyozibana kila siku 9.78, una cha 0.054 ya Jua kilicho baridi kuliko cha 0.034, kinyume cha kila modeli ya kawaida. Kile kizito ndicho chenye dalili kali za sumaku. Ukikutana na pacha wa namna hiyo, usiwachore kwa wastani wao. Chapisha kila nyota kivyake: tungamo, nusukipenyo, halijoto, nguvu ya mstari wa H-alfa wa hidrojeni, kipindi cha kujizungusha, na paralaksi uliyotumia pamoja na RUWE yake, ili atakayekuja na paralaksi bora aweze kurudia hesabu yako bila kukutafuta.